Winga wa Malindi Anayepisha Wenye Mzigo

Njia ya kutoka mashamba ya juu ya Malindi, wilayani Lushoto, hadi kituo cha kupakia mboga ina upana wa mtu mmoja na nusu. Upande mmoja ni ukingo wa mlima, upande wa pili ni matuta ya kabichi yanayoshuka kama ngazi mpaka bondeni. Kila asubuhi wanawake wapatao thelathini huteremka nayo wakiwa na matenga kichwani, kisha hupanda tena watupu, bila mzigo, kufuata tenga la pili. Hakuna kibao kinachoeleza nani ampishe nani. Asiye na mzigo hupanda ukingoni, upande wa mlima, na kumwachia mwenye mzigo njia nzima. Anapopitwa hunyoosha mkono akaligusa tenga, au kiuno cha aliyelibeba, maana hapo ndipo mzigo hupenda kuyumba.

Mwanahamisi Shekiondo ameitumia njia hiyo tangu akiwa darasa la nne. Sasa ana miaka ishirini na minne na kilo hamsini na tatu. Anaporudi mtupu, mlima unakuwa mkono wake wa kulia, kwa hiyo mguu wa kulia ndio unaotangulia kutoka njiani. Mguu huo hakuwahi kuufikiria mpaka Machi mwaka huu, alipouona kwenye kishikwambi cha kocha mjini Arusha, katika kambi ya timu ya taifa ya raga ya wanawake.

Raga iliingia Malindi miaka tisa iliyopita, ndani ya begi la mwalimu mmoja wa jiografia aitwaye Martin, aliyehamishiwa shule ya sekondari akitokea Moshi. Alikuja na mpira mmoja wenye umbo la papai na akaomba nusu ya uwanja. Uwanja wenyewe umeinama. Goli la kusini liko chini kuliko la kaskazini kwa urefu wa mtu mzima, na mpira ukikosewa kudakwa huishia kwenye shamba la maharage la jirani. Martin aliwaeleza wasichana sheria tatu za kuanzia: mpira unabebwa mikononi, unapasiwa nyuma tu, na anayeubeba anaweza kuangushwa. Sheria ya tatu iliwafukuza nusu ya waliokuja. Mwanahamisi alibaki kwa sababu alikuwa na mbio, na kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, kukimbia na kitu mikononi kulikuwa kwepesi kuliko kutembea na kitu kichwani.

Akawa winga, yaani mchezaji wa pembeni kabisa, karibu na mstari wa kando. Alivaa namba kumi na nne, upande wa kulia, kwa sababu ndiyo jezi iliyomtosha. Hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo. Alicheza mashindano ya mkoa huko Tanga mara tatu, akifunika kichwa kwa kilemba alichokishona mama yake kwa kitambaa cha fulana, na jina lake likaandikwa mahali.

Mara ya kwanza aliitwa kwenye kambi ya taifa miaka miwili iliyopita. Timu wakati huo ilikuwa na mchezo mmoja tu. Mpira ulipewa wachezaji watatu wazito wa mbele, wakakimbia moja kwa moja kwenye kifua cha mpinzani, wengine wakasukuma nyuma yao. Wakiangushwa, waliinuka na kurudia. Mawinga kazi yao ilikuwa kusimama na kusubiri mpira ambao mara nyingi haukufika. Siku ya kwanza ya kambi wachezaji walipangwa mstari mbele ya mizani ya kupimia magunia, na kocha wa wakati huo akaandika kilo zao kwenye daftari. Mwanahamisi alipopanda, kocha alitazama mshale, akamtazama yeye, akauliza kama ameshakula. Siku ya tatu alipewa nauli ya kurudi Lushoto.

Mchezo huo wa kifua kwa kifua ulikuwa na kasoro ambayo kila mtazamaji aliiona. Timu iliongoza hadi dakika ya hamsini na tano, halafu wale watatu walichoka, na wapinzani wakapita pembeni wakikimbia kama walio peke yao uwanjani. Baada ya msimu wa pili wa namna hiyo kocha alibadilishwa. Nafasi ikachukuliwa na Perpetua Lyimo, mwalimu wa michezo mwenye umri wa miaka arobaini na moja, aliyewahi kuchezea timu hiyohiyo. Mizani ilibaki stoo. Badala yake alishika saa. Mchezaji alilala chini, akainuka, akakimbia mita kumi, akalala tena, na Perpetua akahesabu amefanya hivyo mara ngapi kwa dakika moja. Mchezaji mmoja wa mbele wa kilo tisini na nne, aliyekuwa nguzo ya timu kwa miaka sita, alipata mara saba. Mwanahamisi, aliyeitwa tena kwa barua iliyofika kwa Mwalimu Martin, alipata kumi na mbili.

Barua hiyo ilifika nyumbani kwao wakati wa kuvuna karoti. Mama yake, Mwanaisha, aliisikiliza ikisomwa mpaka mwisho huku mikono yake ikiendelea kufunga mafungu.

"Juzi walikurudisha," alisema.

"Yule kocha ameondoka, mama."

"Na wewe uzito wako umeongezeka?"

"Huyu hapimi uzito."

Mwanaisha alifunga fungu jingine. Jumamosi ndiyo siku ya lori la Dar es Salaam, na Jumamosi hiyohiyo ndiyo siku ya mazoezi. Kwa miaka tisa amebeba tenga la binti yake pamoja na lake kila siku hiyo. Ana miaka hamsini na mbili na goti la kushoto halikunjiki vizuri.

"Nenda," akasema. "Wakikuchukua, nitabeba. Wakikurudisha, jezi hiyo uirudishe kwa mwalimu, na Jumamosi uwe njiani na sisi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Ndivyo alivyokwenda Arusha. Waliitwa thelathini na wawili, watakaokwenda mashindano ya Kampala ni ishirini na sita. Mawinga walikuwa watano kwa nafasi tatu.

Siku ya nne Perpetua aliwagawa wakacheza wao kwa wao. Mwanahamisi alivaa namba kumi na nne kama siku zote. Mbele yake, upande wa pili, alisimama Latifa, winga wa Dar es Salaam mwenye kilo sabini na moja, aliyeichezea timu hiyo mechi tisa. Dakika ya sita Latifa alipewa mpira na kuja. Mwanahamisi alikuwa mahali pake, amejiweka sawa, magoti yamekunjwa. Latifa alipofika hatua tatu mbele yake, akapita ndani kwa upande wa nguzo za goli, hakuguswa na mtu, akaenda kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mwisho. Hiyo huitwa trai, bao la raga. Dakika ya kumi na tisa ikawa hivyohivyo. Kabla ya mapumziko ilitokea mara nne, na mbili kati ya hizo zilizaa pointi.

Wenzake waliamini kwamba anaogopa. Yeye mwenyewe usiku huo alirudia kila tukio kichwani. Hakuwa ameogopa. Aliona kila kitu, mpira, miguu, njia, na bado mtu alikuwa amepita.

Asubuhi, baada ya uji, Perpetua aliwaita wote ukumbini na kuweka kishikwambi juu ya meza. Alikuwa amerekodi mechi, akazikata picha za mara zile nne na kuziunganisha.

"Mwanahamisi, unaogopa kugongwa?"

"Hapana, kocha."

"Basi tuambie huyu hapa anafanya nini."

Mwanahamisi aliinama kutazama. Mara ya kwanza hakuona kitu. Mara ya pili alikiona: kabla Latifa hajafika, mguu wa kulia unatoka, mwili unaufuata, na bega la kushoto linafunguka kama mlango. Mkono unanyooka taratibu kuelekea kiunoni mwa Latifa na kumgusa. Mwanahamisi aliweka kiganja mdomoni.

"Nampisha," alisema.

"Unampisha nani?"

"Mwenye mzigo, kocha."

Ukumbi ulicheka. Latifa, aliyeketi kwenye kona ya meza na kikombe chake, aliinua mkono. "Asante sana, dada. Kesho nitapiga honi kabisa ujue ninakuja."

"Nyamaza, Latifa," Perpetua alisema. Hakuwa amecheka. "Mzigo gani?"

Mwanahamisi alieleza njia, matenga na ukingo. Alieleza kwa kusitasita, kama mtu anayeulizwa anavyofunga mlango wa nyumbani kwao. Alieleza pia kuhusu mkono. Perpetua alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Ukiwa unarudi mtupu, mlima uko mkono gani?"

"Kulia."

"Kila siku?"

"Mlima hauhami, kocha."

Safari hii hata Perpetua alitabasamu. Alizirudisha zile picha nne mwanzo, akazitazama upya moja baada ya nyingine. Zote kulia. Kisha akafunga kishikwambi. "Alhamisi vaa kumi na moja," akasema. "Latifa, wewe kumi na nne."

Kwa asiyeujua mchezo, kubadilisha namba ni kubadilisha shati. Kwa timu aliyokuwa anaijenga Perpetua, ilikuwa hesabu. Winga wa kulia akiteleza kulia, anafungua upande wa ndani, ambako uwanja ni mpana na nguzo ziko wazi. Winga wa kushoto akifanya kosa hilohilo, anaziba ndani na kufungua nje, na huko nje kuna kichochoro cha mita tatu kinachoishia kwenye mstari wa kando. Mwenye mpira akikanyaga mstari huo amepoteza mpira. Kocha aliyetangulia alitaka beki asimame mbele ya mpinzani kama ukuta, na kwa mchezo ule msichana wa kilo hamsini na tatu hakuwa na faida. Perpetua alitaka mabeki wanaomwonyesha mpinzani njia, mradi ni njia wanayoitaka wao. Alikuwa ametumia siku zote nne kuwafundisha mawinga wanne kuteleza kuelekea ndani nusu hatua, na wote wanne bado walikuwa wanafikiria kabla ya kuteleza. Huyu wa tano hakufikiria.

Lakini alimwambia jambo jingine pia, siku ya Jumanne, wakiwa wawili uwanjani na mfuko wa kufanyia mazoezi ya kugonga.

"Njiani kwenu ukishampisha mtu, unafanya nini?"

"Naendelea kupanda."

"Hapa huendelei. Kupisha ni nusu ya kazi. Ule mkono wako unafika kiunoni, halafu unauondoa. Usiuondoe. Ingia na bega palepale mkono ulipo."

"Nikimsukuma si ataanguka?"

Perpetua aliusimamisha mfuko. "Mwanahamisi," alisema, "ndiyo."

Ukweli ni kwamba mtu mwepesi hawezi kumsimamisha mzito akimkabili usoni, lakini akimwingia ubavuni, chini, wakati mguu mmoja uko hewani, uzito unaacha kuwa hoja. Wabeba matenga wanalijua hili kwa upande wa pili. Ndiyo sababu wanashikana viuno. Mwanahamisi alijua vizuri mahali mtu mwenye mzigo anapokuwa dhaifu, na kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kupalinda. Jumanne na Jumatano alijifunza kupagonga. Anakiri kwamba mara ishirini za kwanza alimwomba radhi mwenzake kila alipomwangusha.

Alhamisi walicheza mechi ya pili, ya mwisho kabla ya orodha. Wachezaji wa mbele hawakupewa tena kazi ya kugonga na kurudia. Yule wa kilo tisini na nne alishika mpira, akavuta mabeki wawili, akautoa mara moja kwa aliyekuwa pembeni yake, na pasi hiyo ilipokelewa kwa makofi na watu waliokuwa wakimfahamu. Mpira ulitembea. Ulifika pembeni mara nyingi kuliko mechi nzima za msimu uliopita, na kila ulipofika upande mmoja, Latifa alikuwa nao na Mwanahamisi alikuwa mbele yake.

Mara ya kwanza Latifa alikuja kwa kasi akitafuta ule mlango wa ndani. Haukuwapo. Mguu wa kulia wa Mwanahamisi ulikuwa umeshatoka na ndani kulikuwa kumezibwa, hivyo akachukua kichochoro cha nje. Hatua ya nne bega likamwingia chini ya mbavu, wote wawili wakaanguka nje ya mstari, juu ya chupa za maji.

"Honi sikuisikia," Mwanahamisi alisema akiwa bado chini.

"Kelele."

Mara ya pili Latifa aliishia nje tena. Mara ya tatu Latifa alikuwa ameshamsoma. Alikimbia kuelekea nje, akasubiri ule mguu utoke na bega lianze kumfuata nje, kisha akakata kushoto, ndani, nyuma ya mgongo wa Mwanahamisi, akapita, akafunga. Aliporudi alimpitia karibu. "Nimekujua wewe," alisema bila hasira. "Una mlima mmoja tu."

Dakika nane zilikuwa zimebaki. Mwanahamisi anazikumbuka kuliko zile mara mbili alizomtoa Latifa nje. Mpira ulikuja tena kwa Latifa, naye akafanya vilevile, nje kwanza. Mwanahamisi alihisi mguu wa kulia ukitaka kutoka na akaubakisha. Haukubaki vizuri. Ulinyanyuka kidogo, ukarudi chini. Latifa alikata ndani na kumkuta bado yupo. Bega halikuingia sawasawa, mikono ilishika kaptula tu, na Latifa alimburuta hatua tano kabla ya wengine kufika. Hakukuwa na pointi. Perpetua, kando ya uwanja, aliandika kitu.

Orodha ilibandikwa Ijumaa kwenye mlango wa bwalo. Haikufuata alfabeti wala namba za jezi, kwa hiyo ilibidi kila mtu aisome yote. Latifa alikuwa wa tisa. Mchezaji wa mbele wa kilo tisini na nne alikuwa wa kumi na saba, na aliposoma jina lake alikaa kwenye ngazi na kuvua viatu. Mwanahamisi alikuwa wa ishirini na nne. Mbele ya jina palikuwa na namba kumi na moja, na chini yake maneno ya Perpetua kwa wino wa kalamu: *Mguu wa kushoto bado. Ufundishe.*

Alimpigia mama yake kupitia simu ya Mwalimu Martin, aliyekuwa amepanda mpaka shambani ili aipeleke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamekurudisha?"

"Wamenichukua."

Mwanaisha aliihamishia simu sikio la pili. Kisha Mwanaisha alisema kitu kwa Kishambaa, maneno matatu au manne, ambayo Mwanahamisi hapendi kuyatafsiri. Baada ya hapo akarudi kwenye Kiswahili kwa ajili ya mwalimu. "Basi sawa. Tenga lako nitabeba. Lakini mwambie huyo kocha Jumamosi zina mwisho."

Timu iliruhusiwa nyumbani siku kumi kabla ya safari. Asubuhi ya pili Malindi ilikuwa na ukungu mpaka saa tatu, na njia ilikuwa imelowa. Mwanahamisi alishusha tenga la kwanza la kabichi, akaanza kupanda mtupu. Kwenye kona ya kwanza alikutana na Sharifa, jirani yao, anayejulikana kwa kubeba tenga kubwa na maneno makubwa zaidi. Mwanahamisi alipisha. Hakupanda ukingoni. Alitoa mguu wa kushoto, akashuka kwenye matuta, akasimama katikati ya kabichi za watu, chini ya njia.

Sharifa alisimama na mzigo wake kichwani, jambo ambalo hakuna mbebaji anayelifanya kwa hiari.

"Huko chini umepoteza nini?"

"Nafanya mazoezi, da Sharifa."

"Mazoezi ya kulala bondeni? Panda juu. Nikiyumba nitakuangukia, wewe na hiyo timu yako ya taifa."

"Ukiyumba nitakushika."

"Kwa mkono upi?"

Mwanahamisi alitazama mikono yake. Alikuwa amenyoosha wa kushoto, ule ule wa siku zote, na kutoka huko chini ulifika hewani tu. Akabadilisha, akanyoosha wa kulia. Sharifa alipita polepole, akiwaambia walio mbele na walio nyuma kwamba mwaka huu kuna watu wataaibishwa Kampala, lakini alipofika usawa wake alisogeza kiuno kidogo ili mkono ukifikie.

Habari ilitembea njiani haraka kuliko wenyewe. Aliyefuata alicheka, wa tatu aligoma kupita mpaka Mwanahamisi apande juu, wa nne alimwambia kabichi aliyoikanyaga ni ya nani. Siku ya tatu walikuwa wameshazoea, na wawili kati yao walianza kumtania kwa kujifanya wanayumba upande wa mlima ili waone kama ataruka. Kila mara mguu wa kulia ulitaka kutangulia. Siku ya kwanza ulimshinda mara kumi na moja. Siku ya tano, mara mbili.

Siku ya sita aliyekuja ni mama yake, na tenga la karoti, goti likichelewa kwa kila hatua. Mwanahamisi alisita. Njia pale ni nyembamba na ukingo una mawe. Alitoa mguu wa kushoto, akashuka.

Mwanaisha alisimama. Alimtazama binti yake aliyesimama chini kwenye matuta, mkono wa kulia umenyooka.

"Mimi pia?"

"Wewe hasa, mama. Unayumba kuliko wote."

Mwanaisha alishika ukingo wa tenga kwa mkono mmoja, akatoa pumzi, akaanza kupita. Katikati ya hatua goti lilikataa na karoti zikaelemea upande wa bonde. Mkono ulikuwa umeshafika kiunoni. Ulibaki hapo, imara, mpaka goti liliponyooka, kisha Mwanaisha akaendelea kuteremka kuelekea kituoni.

"Safari ni lini?" aliuliza bila kugeuka.

"Jumatatu."

"Basi kesho Jumamosi njoo mapema. Nina matenga mawili."